Mjumbe Baina ya Milki Mbili za Umeme

Msomaji, simu unayoichukua mfukoni ina kipande kidogo cha silikoni, na ndani yake mna mabilioni ya transista, yaani swichi ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Pengine wadhani kuwa swichi hizo zote hula chungu kimoja. Sivyo. Kipande hicho kimegawanyika milki nyingi: moja yaishi kwa volti tatu na zaidi, ya pili kwa volti moja au pungufu, na ya tatu huzimwa kabisa mara kwa mara huku jirani zake zikiendelea na kazi. Je, milki hizo zilipatikanaje, na zasemezanaje bila ya kupotoshana?

Mwanzo hapakuwa na shida hiyo. Mwaka 1958 Jack Kilby, huko Dallas, Marekani, alionyesha saketi nzima iliyotengenezwa katika kipande kimoja. Mwaka 1959 Robert Noyce, huko California, alibuni njia ya kuziunganisha sehemu za saketi ya namna hiyo juu ya silikoni. Saketi zilipoenea katika miaka ya 1960, volti 5 zikawa desturi. Katika desturi hiyo umeme usiozidi volti 0.8 ulisomwa kuwa sifuri, na ule wa volti 2 au zaidi ulisomwa kuwa moja. Kati ya mipaka hiyo hapakuwa na ahadi yoyote. Maadamu wote waliifuata sheria moja, ujumbe ulifika salama.

Mwaka 1974 Robert Dennard na wenziwe wa kampuni ya IBM walieleza kwamba transista ikipunguzwa ukubwa, yapasa volti zake nazo zipunguzwe kwa kadiri ile ile, ili joto lisizidi. Hata hivyo, desturi ni sheria, na volti 5 zilidumu miaka mingi. Katika miaka ya 1990 volti 3.3 zilishika nafasi yake katika saketi nyingi mpya, na kiini cha saketi kikaendelea kushuka zaidi. Hapo ndipo tofauti ya milki ilipoanza.

Tazama hatari yake. Mjumbe wa volti moja akiingia katika milki ya volti tatu, "moja" yake ni dhaifu. Swichi ya juu iliyopaswa kufungwa hubaki wazi nusu, na ya chini nayo hufunguka. Umeme hupita moja kwa moja kutoka juu hadi chini, ukipotea bure kwa joto, na jibu huwa la mashaka. Mjumbe wa volti kubwa akiingia katika milki ndogo, aweza kuzidhuru swichi zake nyembamba. Kwa hiyo mafundi waliweka mpakani saketi ya kugeuza volti, mfano wa mkalimani, apokeaye neno kwa kipimo cha huku na kulitoa kwa kipimo cha huko.

Ilipofika miaka ya 2000 tatizo la pili lilizidi ukali. Transista zilikuwa ndogo hata zikivuja umeme ingawa zimefungwa, kama bomba lidondokalo usiku kucha. Dawa ikawa kuikatia umeme kila milki isiyo na kazi. Lakini milki iliyozimwa hainyamazi kwa adabu; waya zake huelea baina ya sifuri na moja, na jirani aliye hai aweza kuusadiki upuuzi huo kuwa amri. Hivyo paliwekwa lango la kutenga, ambalo hushikilia jibu moja la hakika, sifuri au moja, wakati wote mwenye nyumba asipokuwapo.

Hata malango hayo hayafai kitu pasipo utaratibu. Kabla ya kuzima, milki hutengwa kwanza, kumbukumbu zake muhimu huhifadhiwa, kisha umeme hukatwa. Wakati wa kuwasha, umeme hurudi na kutulia, kumbukumbu hurejeshwa, ndipo lango lifunguliwe. Anayefungua lango kabla ya umeme kutulia huruhusu uongo kupita. Mwenda pole hajikwai. Mwaka 2009 shirika la wahandisi IEEE lilitoa kanuni iitwayo 1801, ili mipaka hiyo iandikwe kwa lugha moja na kukaguliwa kabla ya saketi kutengenezwa.

Fikiri basi, msomaji, juu ya historia hii. Haja ya kupunguza joto na upotevu ilileta milki; milki zikaleta mipaka; mipaka ikadai mkalimani na mlinzi. Kila akiba ilikuja na deni lake, na deni hilo lililipwa kwa uangalifu. Betri yako ikifika jioni ingali na nguvu, ujue kwamba sehemu nyingi za simu zililala mchana, na hapana hata moja iliyoachwa iseme ovyo usingizini.