Nani aliyesema kompyuta hii imezeeka?

Ndugu msikilizaji, Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisimamisha rasmi huduma kwa Windows 10, mfumo endeshi ulioingia sokoni Julai 29, 2015. Mfumo endeshi, kwa wale ambao neno hili bado ni geni masikioni mwao, ni ile programu mama inayoamka kwanza unapobonyeza kitufe cha kuwashia kompyuta. Ndiyo inayozipa programu nyingine zote ruhusa ya kutumia skrini, kibodi, diski na printa. Mafundi wetu mjini wanapokuambia "tunakupigia Windows", hiyo ndiyo wanayoipiga.

Kusimamishwa kwa huduma hakukuzima kompyuta ya mtu. Siku iliyofuata ziliwaka kama kawaida. Kilichokoma ni viraka vya usalama vya bure, yaani marekebisho ambayo kampuni hutuma kila mara inapogundua tundu ambamo mwizi anaweza kupenya. Mtumiaji wa nyumbani aliwekewa mlango wa kupata viraka hivyo kwa mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 13, 2026. Baada ya hapo aliyetaka kuendelea salama alitakiwa kuhamia Windows 11. Na hapo ndipo kilio kilipoanza, maana Windows 11, iliyotoka Oktoba 5, 2021, ilikuja na orodha ya mashine zinazokubalika. Sharti mojawapo ni kijisehemu cha kutunza siri kiitwacho TPM, tena toleo la 2.0. Jingine ni prosesa, ule ubongo wa kompyuta: kwa zile za Intel, nyingi zilizo chini ya kizazi cha nane zimeachwa nje. Prosesa za kizazi cha saba kwa kompyuta za mezani zilianza kuuzwa Januari 2017. Aliyenunua mashine mpya kabisa mwezi huo aliambiwa, kabla haijatimiza miaka mitano, kwamba haimo kwenye orodha.

Sasa hebu tujiulize. Nani mwenye mamlaka ya kuitangaza kompyuta kuwa imezeeka? Ni kiwanda kilichoiunda, au ni mwenyewe aliyetoa fedha zake mfukoni? Swali hili lilikwisha kupiganiwa kabla, kimyakimya, na watu wenye kompyuta za Apple. Mapambano yao yanafaa yasimuliwe, kwa sababu yanatufundisha kutofautisha vitu viwili ambavyo wauzaji hupenda kuvichanganya.

Turudi nyuma hadi mwaka 1995, huko California. Apple walitoa kompyuta ya mezani iliyoitwa Power Macintosh 9500. Ilikuwa mashine ya wakubwa: wachapishaji wa magazeti na majarida, wahariri wa sauti na picha, watu wa matangazo. Ilikuwa na matundu kumi na mawili ya kuongezea kumbukumbu, na nafasi sita za kuchomeka kadi za ziada. Jambo kubwa kuliko yote, prosesa yake haikugandishwa kwenye ubao mkuu. Ilikaa juu ya kadi yake yenyewe, ikachomolewa na kuchomekwa kama betri ya redio. Kwa hiyo prosesa za kasi zaidi zilipotoka, zile za G3 na baadaye G4, makampuni mengine yalitengeneza kadi za kubadilishia. Mwenye 9500 alinunua kadi, akafungua mashine, akachomoa ubongo wa zamani na kuchomeka mpya. Kazi ya nusu saa, na mashine ikawa na nguvu za kulingana na zile zilizotoka kiwandani miaka kadhaa baadaye.

Wakati huohuo Apple yenyewe ilikuwa taabani, na mfumo endeshi wake ulikuwa umechoka. Programu moja ikikwama, kompyuta nzima ilikwama nayo. Desemba 1996 Apple ilitangaza kuinunua kampuni ya NeXT, kwa zaidi ya dola milioni 400, ili ipate mfumo mpya, na pamoja na mfumo huo akarudi Steve Jobs. Mfumo huo ulipokuwa ukipikwa uliitwa Rhapsody. Toleo la kwanza la majaribio, lililopewa watengenezaji wa programu mwaka 1997, liliendeshwa juu ya mashine zipi? Miongoni mwao ilikuwemo hiyohiyo 9500.

Nakuomba, ndugu msikilizaji, ulishike hilo. Maana mfumo ulipoiva na kutoka rasmi Machi 24, 2001 kwa jina la Mac OS X, orodha ya mashine zinazokubalika ilianzia kwenye zile zilizotoka kiwandani zikiwa na G3, za Novemba 1997 na kuendelea. 9500 haikuwemo. Hata uliyeichomekea G4 yenye kasi kuliko G3 za kwenye orodha, diski ya kusimika mfumo ilikukataa. Haikuangalia nguvu ya mashine, iliangalia jina lake.

Hapo anaingia mtu mmoja anayeitwa Ryan Rempel. Alijua jambo ambalo wengi hawakulizingatia, kwamba mwaka 1999 Apple ilikuwa imeanza kuweka hadharani maandishi ya ndani ya sehemu ya chini kabisa ya mfumo wake, sehemu iitwayo Darwin, ili mtu yeyote ayasome na kuyarekebisha. Apple walifanya hivyo kwa faida yao, wapate msaada wa wataalamu wa dunia. Lakini mlango ukishafunguliwa, anayeingia si yule uliyemwalika peke yake. Rempel aliingia, akakuta kwamba mfumo mpya haukuwa na uadui na mashine za zamani. Ulikuwa tu umepungukiwa na vipande vidogo vya programu vya kuzungumza na vifaa vya zamani: njia ile ya zamani ya kuunganisha diski, matundu ya zamani ya printa, kumbukumbu ya haraka iliyokaa kwenye kadi mpya ya prosesa. Akaviandika vipande hivyo, akaandika na programu ya kuiamuru kompyuta iamke kwa kufuata njia yake badala ya njia ya kiwandani. Other World Computing, kampuni ya Marekani inayouza vipuri vya kompyuta za Apple, ikamsaidia kifedha. Wao nao walikuwa na sababu yao: mashine ya zamani ikiendelea kuishi, vipuri vinanunuliwa.

Programu hiyo aliiita XPostFacto. Wanasheria wanaonisikiliza watakuwa wamekwisha kutabasamu. Ni mchezo wa maneno ya Kilatini yanayotumika mahakamani kwa sheria inayotungwa leo ili kumhukumu mtu kwa jambo alilofanya jana, wakati halikuwa kosa.

Na sheria za namna hiyo ziliendelea kutungwa. Oktoba 2003 lilitoka toleo la Mac OS X 10.3, na sharti jipya likawa kwamba mashine lazima iwe na tundu la USB iliyozaliwa nalo. G3 za kwanza, zile zilizokuwa halali mwaka 2001, zikatupwa nje. Ukiziongezea kadi ya USB haikusaidia kitu, kwa kuwa hazikuzaliwa nayo. Aprili 2005, toleo la 10.4, ikawa zamu ya tundu liitwalo FireWire. XPostFacto ikawafuata hatua kwa hatua, na mashine za mwaka 1995 zikaendesha mifumo hiyo yote miwili.

Kichekesho kikubwa kilikuwa Oktoba 2007, toleo la 10.5. Safari hii sharti lilikuwa namba: prosesa ya G4 yenye kasi isiyopungua megahezi 867. Waliokuwa na 800 walikaa nje, wakitenganishwa na wenzao na megahezi 67. Ikatokea programu ndogo, LeopardAssist, ambayo haikuongeza kasi ya prosesa hata chembe. Kazi yake ilikuwa kuidanganya diski ya kusimika, iamini kwamba prosesa ni ya 867. Diski ikaamini, mfumo ukasimikwa, watu wakaendelea na kazi zao.

Sasa niseme upande wa pili, maana ukweli hauna upande mmoja. Mwaka 2009 lilipotoka toleo la 10.6, ujanja wote uligonga mwamba. Apple ilikuwa imekwisha kuhamia prosesa za Intel, na toleo hilo liliandikwa kwa lugha ya Intel peke yake. Prosesa ya PowerPC haiielewi lugha hiyo, na hakuna uongo unaoweza kuifundisha. Rempel au yeyote yule asingeweza kuandika kijisehemu cha kuziba pengo hilo.

Hivi ndivyo vitu viwili nilivyosema. Kuna orodha, na kuna ukuta. Orodha imeandikwa na mtu ofisini, kwa sababu zake, na baadhi ya sababu hizo ni za haki: kila aina ya mashine inayoongezwa inamaanisha majaribio zaidi, simu zaidi za wateja, lawama zaidi. Ukuta umo ndani ya mashine yenyewe. Muuzaji huviita vyote kwa jina moja, "haiwezekani".

Tukiwa na tofauti hiyo mkononi turudi kwenye Windows 11. Sharti la prosesa ya kizazi cha nane ni orodha au ni ukuta? Mwaka 2021 huohuo Microsoft yenyewe ilichapisha maelezo ya jinsi ya kubadili kipengele kimoja ndani ya mfumo ili ukubali prosesa isiyo kwenye orodha, ikiwa na onyo kwamba mashine ya namna hiyo haina dhamana ya kupata viraka. Programu ya bure iitwayo Rufus, ya kutengenezea flashi ya kusimika, nayo ikaongezewa uwezo wa kuruka ukaguzi huo. Kwa hiyo ilikuwa orodha. Lakini mwaka 2024, toleo la Windows 11 lililoitwa 24H2 lilianza kutumia amri fulani za prosesa ambazo zile za kabla ya mwaka 2008 hazina kabisa. Kwa kompyuta za Core 2 Duo, ambazo bado ziko katika ofisi zetu nyingi, huo ni ukuta. Fundi akikuambia ataupita, muulize vizuri kabla hujatoa pesa.

Na asinielewe mtu vibaya kwamba nasema tubaki tu na mfumo wa zamani, mradi mashine inawaka. Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea dunia nzima kwa siku chache, kikifunga mafaili ya watu na kudai fidia. Nchini Uingereza hospitali za umma ziliahirisha matibabu. Kilipenya kupitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa kiraka chake mwezi Machi; walioumia ni wale ambao kiraka hicho hakikuwafikia, wakiwemo waliokuwa kwenye mifumo iliyokwisha kuachwa. Ndiyo maana watu wanahangaika kuweka mfumo mpya kwenye mashine ya zamani.

Mwalimu mkuu wa sekondari moja, ambayo sitaitaja, alinieleza mkasa wake. Shule ina kompyuta ishirini za mezani zilizoletwa kwa msaada zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo, za kizazi cha sita cha Intel. Muuzaji mmoja wa mjini aliwaandikia barua kwamba zote hazifai tena, akaambatanisha bei ya ishirini mpya. Bei hiyo wazazi hawaiwezi. Nilimuuliza wanafunzi wanazitumia kwa kazi gani. Kuandika barua na ripoti, kujifunza mahesabu kwenye majedwali, na kusoma masomo waliyopakuliwa. Prosesa ya mwaka 2015 haitokwi na jasho kwa kazi hizo.

Kwa shule kama hiyo ipo njia ya tatu, isiyohitaji kumdanganya mtu. Agosti 25, 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alitangaza kwamba anaandika mfumo endeshi wa bure kwa ajili ya kompyuta za aina ya 386, aina aliyokuwa nayo yeye nyumbani. Prosesa ya 386 ilikuwa ya mwaka 1985. Linux, kama ulivyokuja kuitwa, iliendelea kuikubali prosesa hiyo hadi Desemba 2012 ilipoamuliwa kuiondoa, na waliokata shauri waliieleza sababu wazi: kuibeba kulikuwa kunawachelewesha wengine. Miaka 27. Sisi hapa si wageni na mambo haya. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyozungumza Kiswahili.

Mwalimu mkuu alikubali kujaribu. Fundi wake amekwisha kusimika Linux Mint kwenye kompyuta kumi na nne, bila gharama ya leseni. Sita zimebaki na Windows 10 kwa sababu programu ya kihasibu ya shule haifanyi kazi penginepo; hizo zimechomolewa kwenye intaneti, na flashi yoyote inayotoka nje inapitia kwanza kwenye mashine ya fundi. Barua ya muuzaji bado iko mezani, bodi ya shule haijaijibu.