Kibodi ndogo ya kuhariri picha

Kibodi ndogo ya kuhariri picha ni kifaa chenye vitufe vichache ambavyo mtumiaji huvipangia kazi mwenyewe. Nyingi huchomekwa kwa USB, na kompyuta huzitambua kama kibodi za kawaida. Stream Deck ya kampuni ya Elgato, iliyotoka mwaka 2017 ikiwa na vitufe 15, huonyesha alama ya kazi juu ya kila kitufe.

Katika programu ya kuhariri picha ya Lightroom Classic kwenye Windows, herufi P huteua picha na X huikataa. Faida kubwa zaidi ya kibodi ndogo, hata hivyo, iko kwenye kunakili marekebisho (Ctrl+Shift+C) na kuyabandika kwenye picha nyingine (Ctrl+Shift+V), kwa kuwa mpiga picha za harusi hurudia kazi hiyo mara mamia. Amri ya kunakili hufungua kwanza kisanduku cha kuchagua marekebisho. Kwa hiyo anayeunganisha hatua zote katika kitufe kimoja huongeza Enter na kituo kifupi katikati, la sivyo hatua inayofuata hupotea.

Kibodi zinazotumia programu huria ya QMK huhifadhi amri ndani ya kibodi zenyewe, hivyo hufanya kazi hata zikihamishiwa kompyuta nyingine.