Abeti Masikini, mtoto wa Kisangani tuliyewaachia wengine wamkumbuke

Juzi niliwauliza vijana saba wa toleka hapa Mangobo swali moja: Abeti Masikini alikuwa nani? Wanne hawakumjua kabisa. Wawili walisema ni mwimbaji wa zamani wa Kinshasa. Wa mwisho alisema labda ni Mtanzania, kwa sababu aliwahi kusikia wimbo wake wa Kiswahili kwenye redio. Papa mmoja aliyekuwa anangojea baiskeli alicheka, kisha akanyamaza kidogo. Akasema: "Huyo ni mtoto wa hapa. Na baba yake mulimusahau pia?"

Maneno ya huyo papa ndiyo yamenifanya niandike.

Abeti alizaliwa tarehe 9 Novemba 1954 katika mji huu, wakati ukiitwa Stanleyville. Jina lake la ubatizo lilikuwa Elisabeth, na Abeti ni Elisabeth huyohuyo katika kinywa cha watu wetu. Mama yake aliitwa Marie Masikini. Baba yake, Jean-Pierre Finant, alikuwa mtu wa chama cha MNC cha Patrice Lumumba. Uhuru ulipokuja mwaka 1960, Finant akawa rais wa kwanza wa jimbo la Orientale, ambalo Tshopo yetu ilikuwa ndani yake.

Furaha ya nyumba ile haikufika mwaka. Mwezi Septemba 1960 Mobutu alitwaa nguvu Kinshasa, na watu wa Lumumba wakaanza kuwindwa. Finant alikamatwa. Mwezi Februari 1961, wiki chache baada ya kuuawa kwa Lumumba mwenyewe, Finant na wenzake walipelekwa Bakwanga, mji ambao leo ni Mbuji-Mayi, wakauawa huko. Abeti alikuwa na miaka sita.

Kuna sehemu nyingine ya habari hii ambayo hatupendi kuisema, lakini ni lazima tuiseme. Habari ya vifo vya Bakwanga ilipofika hapa, wakuu waliotawala mji wetu wakati huo walilipiza kisasi. Walichukua wafungwa wa kisiasa waliokuwa mikononi mwao na kuwapiga risasi. Mmoja wao alikuwa Alphonse Songolo, aliyekuwa waziri katika serikali ya Lumumba kabla ya kuachana naye. Tarehe 21 Februari 1961, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilitoa azimio la kuruhusu hata nguvu za silaha ili Kongo isiingie katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kwa wale waliokuwa wamekufa Bakwanga na hapa kwetu, azimio lilikuwa limechelewa.

Kwa hiyo mwezi ule mmoja uliacha mayatima pande mbili. Mmoja wa mayatima hao tunamjua kwa sababu aliimba. Wengine hatujui hata majina yao.

Mama Masikini alibaki mjane, na familia ikahamia Kinshasa. Ninawaomba wale waliokimbia vijiji vyao tangu mwaka 2023, wakati Wambole na Walengola walipoanza kuuana, wasome sentensi hiyo polepole. Leo tunaita hali kama hiyo kuhama kwa sababu ya vita. Mtoto anaacha mji wake, anaacha kaburi la baba ambalo hata halijui liko wapi, na anakwenda kukaa mahali ambapo watu wanazungumza Kilingala kwa haraka na wanamcheka akikosea. Abeti aliondoka hapa na Kiswahili chake mdomoni. Hakukitupa.

Kinshasa alisoma kwa masista, na nyumbani aliimba pamoja na kaka yake Abumba, mpiga gitaa. Mwaka 1971 aliingia katika shindano la vijana wenye vipaji lililoongozwa na mwimbaji Gérard Madiata. Hakushinda. Alikuwa wa tatu. Lakini Mtogo mmoja, Gérard Akueson, aliyekuwa anatafuta waimbaji wa kusimamia, alimsikia na kumfuata. Baadaye akawa pia mume wake.

Mwanzo haukuwa mwepesi. Watu wa Kinshasa walizoea muziki ambapo mwanaume anasimama mbele na mwanamke anacheza nyuma. Huyu alisimama mwenyewe katikati, akachanganya rumba na soul na nyimbo za kwetu, na wengi wakasema huo si muziki wetu. Tamasha lake la kwanza katika jiji lile lilipata watazamaji wachache sana. Akueson akamtoa nje ya nchi, wakazunguka Afrika ya Magharibi, na huko watu wakampokea. Mwezi Februari 1973 alisimama kwenye jukwaa la Olympia, Paris, ukumbi ambao wanamuziki wa dunia nzima walikuwa wanauota. Alikuwa na miaka 18. Diski yake kubwa ya kwanza ilitolewa na Pierre Cardin, yule fundi wa mavazi wa Ufaransa.

Ni katika miaka ile ndipo aliimba "Mutoto Wangu". Tazameni jinsi neno lilivyo. Mtu wa Zanzibar angesema "mtoto". Yeye alisema "mutoto", kama mama yeyote wa Mangobo anavyoita kwenye uwanja wa nyumba jioni. Wimbo ule ulipigwa nje ya Kongo, na watu wasioweza kuonyesha Kisangani kwenye ramani walisikia Kiswahili chetu jinsi tunavyokizungumza.

Mwezi Septemba 1974 aliimba katika tamasha kubwa la Kinshasa lililoandaliwa pamoja na pigano la Muhammad Ali na George Foreman. Alisimama jukwaa moja na Franco, Tabu Ley, James Brown na Miriam Makeba. Tufikirie jambo hili bila haraka. Nchi ilikuwa ya Mobutu, na tamasha lilikuwa fahari ya utawala wake. Aliyeimba pale alikuwa binti wa Finant, mtu aliyekamatwa baada ya Mobutu huyohuyo kutwaa nguvu. Siwezi kusema alichokuwa nacho moyoni usiku ule. Ninachoona ni kwamba jukwaani alitumia jina la mama. Na jina lenyewe, Masikini, kila anayejua Kiswahili anaelewa linavyosema.

Wale waliofanya naye kazi walipata faida. Mbilia Bel alianza kama mchezaji katika kundi lake kabla ya kwenda kwa Tabu Ley. Lokua Kanza alipita kwake pia. Lakini mji uleule uliompigia makofi ulipenda kumshindanisha na wanawake wengine. Kwanza alishindanishwa na M'Pongo Love, mwimbaji aliyeugua polio utotoni na bado akapanda jukwaani kwa ujasiri. Baadaye akashindanishwa na Tshala Muana. Wanaume walikuwa na orkestra kumi na hakuna aliyesema kumi ni nyingi. Wanawake wawili tu wakitokea, watu walianza kuuliza nani atamwangusha mwenzake. Maneno hayo yalimsumbua Abeti miaka mingi.

Yeye alijua namna nyingine ya kumtazama mwimbaji mwenzake. Desemba 1973, Bella Bellow wa Togo, aliyesimamiwa pia na Akueson, alikufa katika ajali ya gari. Abeti alimtungia wimbo wa maombolezo na kuuweka jina lake. Hakusubiri watu wamsahau kwanza.

Mwaka 1986 wimbo "Je suis fâché" ulivuma Afrika nzima. Wengi wenu mliokuwa watu wazima wakati huo mliucheza bila kujua aliyeimba alizaliwa wapi. Mwaka 1988 aliimba katika ukumbi wa Zénith, Paris. Baada ya hapo ugonjwa ulikuja: kansa ya kizazi. Alikufa tarehe 28 Septemba 1994 katika hospitali ya Villejuif, karibu na Paris, kabla ya kutimiza miaka 40. Mwili wake ulirudishwa Kinshasa, na jiji lile lililomkataa mwanzoni ndilo lililomlilia na kumzika.

Je, Kisangani? Ninaelewa kwa nini sisi hatukubaki na kumbukumbu nyingi. Mji huu umezika sana. Tulipitia uasi wa mwaka 1964. Tulipitia vita ya siku sita, mwezi Juni 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda zilipopigana juu ya vichwa vyetu. Mtu anayekusanya vipande vya nyumba yake hakusanyi diski. Lakini tukiwaachia Kinshasa na Paris kazi ya kukumbuka, watakumbuka sehemu yao tu: nguo, jukwaa, makofi. Sehemu ya Februari 1961 ni yetu. Sisi tusipoisimulia, vijana wa toleka wataendelea kudhani alikuwa Mtanzania.

Na hatuisimulii kwa ajili ya sifa tu. Leo, katika nyumba nyingi za mji huu, kuna familia zilizopokea ndugu waliokimbia. Wengine ni Wambole, wengine ni Walengola. Watoto wao wanachota maji kwenye bomba moja. Nimesikia watu wazima wakiwafundisha watoto hao majina ya wale wanaopaswa kuchukiwa. Mwaka 1961 wakubwa walihesabu hivyohivyo: ninyi mumeua wetu, sisi tunaua wenu. Hesabu ile haikumrudisha Finant nyumbani hata dakika moja. Iliongeza tu watoto waliolala bila baba, upande wa pili.

Siwezi kumuahidi mama aliyekimbia kwamba binti yake atafika Olympia. Abeti alikuwa mmoja, na hata yeye alilipa kwa kuhama, kwa kusemwa vibaya, na kwa kufa mbali. Lakini ninaweza kusema hili: mtoto akiimba jioni katika uwanja wa watu waliompokea, msimwambie anyamaze kwa sababu ni mgeni. Na akiimba kwa lugha ya kijiji chake, mwacheni amalize.

Tarehe 28 Septemba, redioni, tutapiga "Mutoto Wangu". Kabla ya wimbo tutataja majina mawili, Jean-Pierre Finant na Alphonse Songolo, la kwanza na la pili, bila kuacha nafasi kubwa katikati. Wazee wa Mangobo na wa komini zingine mnaokumbuka nyumba ya Finant, au mnaokumbuka wale waliouawa hapa, njooni mtueleze. Hata kama mnakumbuka kidogo tu, njooni.