Albamu ya Kelele Iliyomfungua Shosho Mdomo

Wasee, tuambiane ukweli. Ukisikia hevi metali unafikiria nini? Wazungu wa nywele ndefu, nguo nyeusi, na mamako akisema hiyo ni ya shetani. Hata mimi nilikuwa hapo. Halafu nikakutana na The Adept, albamu ya Lord Spikeheart iliyotoka Aprili 2024.

Huyu jamaa, Martin Khanja, si wa jana. Zamani walikuwa wawili, yeye na Sam Karugu, kikundi kinaitwa Duma. Mwaka wa 2020 walitoa albamu yenye jina hilohilo kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kwa Kiswahili unaona mnyama wa mbio. Wao walimaanisha giza, kutoka kwa Kikuyu. Sisi wa Dundori tunaijua hiyo nduma vizuri, stima ikipotea mvua ikinyesha.

The Adept ameitoa na lebo yake mwenyewe, Haekalu. Ngoma za kompyuta zinakimbia, juu yake mayowe mpaka unajiuliza kama ni mtu. Na hayo mayowe yana mwenyewe: albamu ni ya heshima kwa Muthoni wa Kirima. Spikeheart ni kitukuu wake.

Kama humjui, usione aibu. Nilikaa chuo mwaka na nusu kabla karo inishinde, na sikumsikia hata siku moja. Muthoni ndiye mwanamke pekee anayejulikana kufika cheo cha Fildi Mashali kwa Mau Mau. Kimathi alinyongwa Februari 1957, yeye akabaki msituni hadi 1963. Nywele alizofuga huko zilikatwa Aprili 2022, na aliyeshika makasi ni Mama Ngina Kenyatta. Septemba 2023 akaaga.

Sasa cheki hii: serikali ya Kenya huru iliacha Mau Mau ikiwa kundi haramu mpaka 2003. Miaka 40! Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Ndiyo maana nyumba nyingi huku zilijifunza kunyamaza.

Siku moja niliicheza kwa spika nikikata viazi. Shosho akasikiza, akaniuliza, "Mzee wangu, huyo analia ama anaita watu?" Ananiita hivyo kwa sababu nina jina la marehemu bwanake. Nikamwambia ni kitukuu wa Muthoni. Akanyamaza. Halafu akaanza.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Wakikuyu wengi waliofanya kazi mashamba ya wazungu huku Rift Valley walifukuzwa, wakarudishwa Central. Hiyo naweza kusoma popote. Ile sikuwahi kusoma ni kwamba lori lilipokuja kuchukua kina shosho, sufuria ilikuwa bado motoni, na aliambiwa asilie. Mamangu pia hakuwa anajua.

Kwa hivyo usiniambie huu muziki si wetu. Mtu aliyeambiwa asilie miaka sabini, mayowe ni lugha anaelewa haraka kuliko wewe na mimi.

Nimeanza kumrekodi na simu, kila Jumapili tukitoka kanisani. Tumefika dakika ya arobaini. Muthoni alienda na mengi. Wako ana miaka mingapi, na umemuuliza nini?