Thamomita Hujuaje Uko na Homa? Hivi Ndivyo Hiyo Kitu Hufanya Kazi

Mtoi ameamka usiku akilia. Mathe anamgusa paji la uso, anasema anachoma. Buda anagusa, anasema mtoi ako fiti. Shida ni kwamba mkono ukiwa baridi, kila mtu ataonekana ako na homa. Ubishi kama huo humalizwa na thamomita, lakini lazima ujue venye inafanya kazi.

Cha kwanza, thamomita haijui joto lako. Inajua joto lake peke yake. Ukiiweka kwapani, joto hutoka kwa mwili na kuingia ndani yake hadi nyinyi wawili mlingane. Ukiitoa kabla hamjalingana, hiyo namba ni ya uongo.

Ya zebaki

Vitu mingi zikipata joto hufura. Kwa hii, zebaki imekaa chini kwa kichupa kidogo, na njia ya kupanda ni nyembamba kama unywele. So ikifura kidogo tu, unaiona imepanda sana. Daniel Gabriel Fahrenheit alitengeneza yake ya zebaki 1714. Mwaka wa 1742, msee wa Uswidi anaitwa Anders Celsius akaleta kipimo cha digrii 100. Cheki hii: yeye aliweka 0 pale maji huchemka na 100 pale huganda! Iligeuzwa baadaye.

Ya hosi imebanwa shingoni ndio zebaki isirudi chini ukiitoa. Ndio maana nesi huitingisha kabla akuwekee. Iache kwapani kama dakika 5.

Ikivunjika kwa keja, usifagie. Mvuke wa zebaki ni sumu. Toa watoi, fungua madirisha, okota matone na karatasi ngumu na uyafungie kwa chupa yenye kifuniko. Ni juu ya hiyo sumu Mkataba wa Minamata wa 2013 uliamua hizi thamomita ziondolewe sokoni.

Ya dijitali

Kwa ncha kuna kipande kidogo kinaitwa thamista. Joto likipanda, stima hupita hapo kwa urahisi zaidi, na mashine inageuza hiyo kuwa namba. Ngoja ilie. Ikilia, namba imetulia.

Ya kuelekezewa usoni

Hii tuliizoea wakati wa Korona, soja akiwa nayo kwa mlango wa supamaketi. Kila mwili hutoa mionzi ya infraredi, ile macho haiwezi kuona, na mwili ukiwa moto zaidi, mionzi inaongezeka. Wale walisema inachoma ubongo walikuwa wanadanganya. Haikupigi na hiyo mionzi, inapokea tu yako.

Lakini inasoma ngozi ya juu peke yake. Kama umetoka kwa jua kali au uko na jasho, itakosea. Pumzika ndani kama dakika 15, jipanguse, halafu upimwe.

Na joto la hewa?

Sheria ni ile ile. Thamomita ikianikwa kwa jua, itakuambia venye yenyewe imechomeka, si venye hewa iko. Ndio maana vituo vya hali ya hewa huiweka ndani ya sanduku jeupe lenye nafasi za upepo kupita, juu kidogo ya ardhi.

Sasa shika hizi namba

Mwili ukiwa sawa husoma karibu 36.5 hadi 37.5. Kuanzia 38 kwenda juu, hiyo ni homa. Kwapani husoma chini kidogo kuliko ndani ya mwili, so ukiona 37.8 hapo usipuuze. Mtoi wa chini ya miezi 3 akifika 38, usingoje asubuhi, mpeleke hosi saa hiyo hiyo.

Na usisahau, thamomita inakuambia kuna homa, haikuambii ni homa ya nini. Kama ni malaria, itajulikana kwa kupima damu. Usimeze dawa ya malaria juu tu umeona 39.