Jinsi Mafundi wa Birmingham Walivyojipatia Nyumba

Msomaji, bila shaka umewahi kuwaona majirani wakikutana siku ya mapumziko, kila mmoja na shilingi zake mkononi, wakamkabidhi mmoja wao fedha yote iliyokusanywa. Na mwezi wa pili wakamkabidhi mwingine, hata zamu ikamfikia kila mtu. Pwani mchezo huu huitwa upatu. Kwa upatu watu hununua sufuria, vitanda, mabati na mbuzi. Je, nyumba yaweza kununuliwa kwa upatu? Yaweza, nayo imekwisha kununuliwa. Nataka nikusimulie habari za watu waliofanya hivyo katika mji wa Birmingham, huko Uingereza, zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Mwaka 1775 Birmingham ulikuwa mji wa nyundo na moshi. Mafundi wake walitengeneza vifungo vya nguo, bizimu za viatu, bunduki, misumari na vitu vidogo vidogo vya shaba. Katika mwaka huo huo Matthew Boulton na James Watt walianza ushirika wao wa kutengeneza injini za mvuke, na habari zao unazijua kutoka darasani. Lakini leo tuwaache wakubwa hao. Tumtazame fundi wa kawaida, mwenye karakana ndogo au ajira ya kazi ya mikono, anayepata ujira wake kwa juma, na kila juma sehemu ya ujira huo huenda kwa mwenye nyumba. Fundi huyu anao ustadi, anayo nguvu, na pengine aweza kuweka akiba shilingi chache kila mwezi. Asichokuwa nacho ni fedha nyingi kwa mara moja. Benki ilikuwapo mjini tangu mwaka 1765, iliyoanzishwa na John Taylor, mtengenezaji wa vifungo, na Sampson Lloyd, mfanyabiashara wa chuma. Walakini ilikuwa benki ya wenye biashara zao, si ya fundi anayehesabu peni.

Katika mtaa wa Snow Hill palikuwa na nyumba ya kuuzia pombe iitwayo Golden Cross, na mwenyewe aliitwa Richard Ketley. Hapo ndipo kilipokutana chama cha kwanza kinachojulikana cha watu waliochanga fedha ili wajenge nyumba. Usishangae kwamba jambo jema kama hili lilianzia kilabuni. Fundi hakuwa na ukumbi mwingine wa kukutania. Na mwenye kilabu naye alijua kwamba watu 20 wakija kulipa mchango hawataondoka na kiu. Mimi ni mwalimu, nami siisifu pombe, lakini historia haichagui mahali pa kuzaliwa.

Sasa chukua kalamu tupige hesabu pamoja. Hesabu hii ni mfano wangu, si daftari la Ketley. Tuseme wanachama ni 20, na kila mmoja atoa shilingi 10 kwa mwezi. Pauni ya siku zile ilikuwa shilingi 20. Kwa hiyo kila mwezi chama chapata pauni 10, na kwa mwaka pauni 120. Tuseme tena kwamba nyumba ndogo yajengwa kwa pauni 60. Basi kila mwaka zajengwa nyumba 2, nazo nyumba 20 zitakwisha baada ya miaka 10. Kura hupigwa ili ijulikane nani atangulie. Kila nyumba ikiisha, mwenyewe aingia au aipangisha, naye huendelea kutoa shilingi zake 10 kama wenzake. Akiwa na uwezo wa kushika hisa mbili, hupata nyumba mbili, moja ya kukaa na moja ya kumletea kodi. Siku mtu wa 20 apatapo nyumba yake, chama hakina kazi tena, nacho huvunjwa. Ndiyo maana vyama hivi vikaitwa vya muda.

Lakini umemwona mtu wa 20? Mwenzake wa kwanza amekaa katika nyumba yake karibu miaka 10, hadaiwi kodi na mtu, na wote wawili wametoa pauni 60 zile zile. Tena wa kwanza hana hofu tena, bali huyu wa mwisho kila mwezi hujiuliza: je, wale waliokwisha kupata watakuja Jumamosi ijayo? Bei ya matofali je, haitapanda? Swali la mtu wa 20 ndilo lililowasumbua waanzishaji wa vyama hivi kuliko swali jingine lolote, na majibu yake ndiyo hasa mambo ninayotaka uyashike.

Jibu la kwanza lilikuwa rehani. Nyumba iliyojengwa haikuwa mali kamili ya aliyeipata. Hati zake zilikaa mikononi mwa wadhamini waliochaguliwa na chama, mpaka mwisho wa deni. Aliyeacha kulipa alitozwa faini, na aliyezidi kuwa mkaidi aliweza kuipoteza nyumba. Jibu la pili lilikuwa riba. Rudi katika hesabu yetu: mwambie kila aliyepata nyumba atoe pauni 3 zaidi kwa mwaka, kuanzia mwaka unaofuata. Fedha hizo zikitumika kujenga, nyumba ya 20 itakwisha kabla ya katikati ya mwaka wa 9. Jaribu mwenyewe na utaona. Aliyetangulia hulipia ule utangulizi wake, na aliyechelewa hupunguziwa kungoja. Jibu la tatu lilikuwa kukopa kwa watu wa nje waliokuwa na akiba lakini hawakutaka nyumba. Hao walipewa riba, na ujenzi ukaenda mbio zaidi. Jibu hili lilikuwa tamu, lakini lilileta mgeni chamani. Tutamkuta tena mbele.

Vyama vikaenea katika miji ya viwanda ya kati na kaskazini ya Uingereza. Sheria ilivitazama kwa jicho la wasiwasi, maana tangu mwaka 1720 ilikatazwa kuunda shirika la hisa za kuuzwa pasipo idhini ya Mfalme au Bunge. Mwaka 1812 mahakama iliamua kwamba chama cha kujenga nyumba hakivunji katazo hilo, na mwaka 1836 Bunge likatunga sheria ya kuvitambua na kuvilinda.

Nyumba haikuwa paa tu. Nje ya miji yenye wabunge wake, mwenye ardhi yake mwenyewe yenye kuleta shilingi 40 kwa mwaka alikuwa na haki ya kupiga kura. Mwaka 1847 James Taylor wa Birmingham alianzisha chama cha kununua mashamba makubwa kwa jumla, kuyakata viwanja, na kuwapa wanachama kwa bei ile ile ya ununuzi, ili wafanya kazi wawe wapiga kura. Sisi wa Kenya tusilione jambo hili kuwa la mbali. Mwaka 1957, Waafrika walipowachagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria, mali na mapato vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyompa mtu kura, na mwenye sifa nyingi alipewa kura zaidi ya moja.

Mwaka 1845 lilitokea badiliko kubwa: vyama vya kudumu. Mtu aliweza kuingia mwezi wowote na kutoka mwezi wowote. Mwenye akiba aliweka akiba, mwenye haja ya nyumba alikopa, wala hawakulazimika kujuana. Faida yake ni dhahiri. Kijana wa leo hakuhitaji kuwatafuta wenzake 19. Lakini katika Golden Cross mtu aliwaona kwa macho wale waliochukua fedha yake, na kama hakumwona mmoja wao Jumamosi, alijua nyumba yake ilipo. Sasa aliyeweka akiba hakujua fedha yake imekwenda kwa nani.

Mwaka 1868 Jabez Balfour, ambaye baadaye alikuwa mbunge, alishiriki kuanzisha chama kilichoitwa Liberator. Wahubiri wa makanisa walitumika kama mawakala wake, na watu wa dini wenye kuogopa hasara wakaweka humo akiba za maisha yao, kwani ni nani angeshuku? Chama kikawa kikubwa kupita vyote nchini. Lakini fedha nyingi hazikuwafikia wajenzi wa nyumba ndogo. Zilikopeshwa makampuni ya Balfour mwenyewe na rafiki zake, nayo yaliuziana ardhi na majengo kwa bei ya kupandishwa, ili vitabu vionyeshe faida isiyokuwapo. Mwaka 1892 jengo hilo la karatasi likaanguka. Wajane, wazee na watumishi wa majumbani waligundua kwamba wote walikuwa mtu wa 20, wala hapakuwa na zamu ya kungojea. Balfour alikimbilia Argentina, akarudishwa mwaka 1895, akahukumiwa kifungo cha miaka 14.

Bunge likatunga sheria mpya mwaka 1894. Tangu hapo vyama vilipaswa kuonyesha katika taarifa zao mikopo ambayo walipaji wake wamechelewa. Hilo ni jambo la busara. Lakini sheria hiyo pia ilivikataza vyama vipya kugawa mikopo kwa kupiga kura, kana kwamba kosa lilikuwa la kura. Kwangu mimi hili ni jambo la ajabu kidogo. Balfour hakupiga kura yoyote. Aliwaibia watu kwa vitabu safi na mwandiko mzuri.

Njia ya rehani na akiba za watu wengi ilifika kwetu pia. Mwaka 1965 serikali ya Kenya, pamoja na shirika la maendeleo la Jumuiya ya Madola, iliunda Housing Finance Company of Kenya, ipokee amana na kukopesha wenye kutaka nyumba. Huko Uingereza vile vyama vya muda viliendelea kupungua kimoja kimoja. Cha mwisho kilikuwa katika mji wa Salisbury, nacho kilifungwa mwaka 1980, zaidi ya miaka 200 baada ya Ketley.