Jiwe, Sahani na Wimbo: Njia Tatu za Kuisoma Historia ya Mvita

Mgeni aingiapo Mji wa Kale wa Mombasa huongozwa kwanza kwenye Ngome ya Yesu. Huelezwa kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na kwamba Waomani waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira tangu 1696. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini ni historia ya wenye mizinga. Mwenyeji wa Mvita huonekana humo kama mtazamaji tu. Hapo ndipo lizukapo dai kwamba utamaduni wa Mswahili ni mkusanyo wa vitu vya kuazima. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dai hilo halisimami.

Tuanze na Ngome yenyewe. Neno gereza latokana na igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Mswahili alilichukua akalipa maana ya ngome, kisha ya nyumba ya wafungwa. Na kweli, tangu 1895 hadi 1958 Waingereza waliifanya Ngome kuwa jela. Vivyo hivyo lenço, kitambaa cha mkononi, likawa leso, vazi lenye jina ambalo mwanamke humfumbia mwenziwe. Wareno walikwenda zao. Maneno yao yalibaki, lakini si kwa masharti yao.

Tutokapo Ngomeni tukafuata Ndia Kuu, tutakutana na ushahidi wa pili, nao ni wa jikoni. Neno biriani ni la Kiajemi, nalo lilifika kwa njia ya Bara Hindi. Huko aghalabu nyama na wali hupangwa tabaka kwa tabaka katika chungu kimoja; Mvita mchuzi hupikwa mbali, na viwili hivyo hukutana katika sahani. Mahamri nayo yana hamira, neno la Kiarabu, lakini unga wake hukandwa kwa tui na iliki, na mwenziwe ni mbaazi za nazi. Nazi ndiyo impokeayo mgeni na kumfundisha adabu za nyumba.

Ushahidi wa tatu ni wa muziki. Taishokoto ilibuniwa Japani mwaka 1912, ikapitia Bara Hindi, na hatimaye ikawa miongoni mwa ala zinazoutambulisha mwimbo wa taarabu wa Mombasa. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba nyimbo nyingi kwa mahadhi ya filamu za Kihindi. Ni rahisi kuliita jambo hili uigaji. Lakini tuyasikilize maneno, ambayo mengi yalitungwa na Ahmad Nassir, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita (1971): lahaja ni Kimvita, vina vimeshikwa, na fumbo limefumbwa kwa namna ambayo Muyaka bin Haji, malenga wa karne ya 19, angeitambua mara moja. Sauti ilisafiri, shairi halikuondoka kwao.

Kwa hiyo kuazima si ufukara. La kuuliza si kitu kimetoka wapi, bali kimefanywa nini kilipofika. Nasi wanafunzi wa lugha tuna deni hapa. Jiwe la Ngome limehifadhiwa, na tangu 2011 limo katika orodha ya urithi wa dunia. Msamiati wa jikoni na wa ngoma za harusi, kama vile chakacha na vugo, umo zaidi vinywani mwa akina mama wazee kuliko katika kamusi zetu. Jiwe litatungoja, wao hawatatungoja.